Je, wingi wa nyumba za pili ni dalili ya maisha bora katika nchi?

Mkazi wa Migosi, Kisumu:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba tusaidiane kulipima jambo lililozua mjadala mkali katika kikao cha chama chetu cha wakazi hapa Migosi, kwa maana tuliachana bila kuafikiana na wengi wetu bado tunalizungumza.

Hoja iliyotolewa ni kwamba nchi ambayo raia wake wengi wana nyumba ya pili, mbali na ile wanayolala kila siku, ni nchi ambayo watu wake wanaishi vizuri. Aliyeitoa alitaja mataifa ya kaskazini mwa Ulaya. Finland ina watu wapatao milioni 5.5 na nyumba za mapumziko takriban 500,000, nyingi zikiwa misituni na kando ya maziwa. Norway, ambayo idadi ya watu wake inakaribiana na hiyo, ina zaidi ya 400,000, na Sweden ina takriban 600,000. Nchi hizo ndizo hizo hizo zinazoshika nafasi za juu kila Umoja wa Mataifa unapotoa ripoti ya maendeleo ya binadamu, na Finland imeongoza ripoti ya furaha duniani mfululizo tangu mwaka 2018. Kwa hiyo, akasema, anayetaka kujua kama nchi imeendelea asihesabu magari wala simu, bali ahesabu ni watu wangapi wana mahali pa pili pa kulaza ubavu.

Jirani mwingine akamjibu kwamba kwa kipimo hicho Kenya ingekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Katika ploti yetu pekee, mhasibu ana nyumba yake Ugenya, askari magereza ana yake Kisii, muuza samaki ana yake Bondo, na mwalimu wa sekondari ndiyo kwanza anapaua yake Emuhaya. Wote ni wapangaji hapa mjini na wote wana nyumba mashambani. Hata hivyo hakuna aliyekuwa tayari kusimama na kudai kwamba tunaishi kama watu wa Norway.

Swali langu basi ni hili: je, kipimo chenyewe ni kibovu, au sisi na watu wa Finland tunahesabu vitu viwili tofauti kwa jina moja? Ningeshukuru kupata majibu yenye hoja, hasa kutoka kwa wale waliojenga na wale wanaofahamu mambo ya upangaji wa miji.

Mpangaji Miji, Kisumu:

Ndugu Mkazi, umeuliza swali zuri, nami nitaanza na hao wa kaskazini kwa sababu sifa zao hutajwa bila sababu zake.

Nyumba nyingi za mapumziko za Finland na Sweden si majumba ya kifahari. Kuna zisizo na maji ya bomba, choo kiko nje, na maji ya kuoga huchotwa ziwani. Familia nyingi hazikununua chochote. Zilirithi nyumba ya babu iliyobaki shambani wakati watoto walipohamia mijini, na Finland ilichelewa kuwa nchi ya watu wa mijini kuliko majirani zake wengi, kwa hiyo kumbukumbu ya shamba bado iko karibu. Ongeza hapo ardhi kubwa na watu wachache. Ongeza pia jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni likizo yenye malipo. Sweden ilipitisha sheria ya majuma mawili ya likizo kwa kila mfanyakazi mwaka 1938, na kufikia mwaka 1978 yalikuwa matano. Norway iliweka majuma matatu mwaka 1947. Nyumba ya mapumziko haina maana kwa mtu asiye na muda wa kupumzika, na ndiyo sababu nyumba hizo ziliongezeka kwa kasi katika miongo iliyofuata sheria hizo. Anayeihesabu nyumba ya msituni kule anahesabu, bila kujua, siku ambazo karani na dereva wa basi wanaruhusiwa kuondoka kazini na mshahara wao ukaendelea kuingia.

Sasa tazama Urusi. Huko nako mamilioni ya familia za mjini zina kibanda na bustani nje ya mji. Enzi ya Sovieti mfanyakazi alikuwa akigawiwa kipande cha takriban mita za mraba 600 kupitia mahali pake pa kazi. Muungano ulipovunjika mwaka 1991 na mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, bustani zile ndizo zilizowalisha watu viazi na kabichi. Idadi ya vibanda haikupungua wakati maisha yalipoharibika, na umuhimu wake ndio kwanza ukaongezeka. Mtu ambaye angetumia kipimo cha mwenzetu wa Migosi katika miaka ile angetangaza kwamba Warusi wanastawi, ilhali walikuwa wakipitia dhiki ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Hata umiliki wa nyumba ya kwanza hauendi sambamba na utajiri. Uswisi ni miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani, na wengi wa wakazi wake ni wapangaji. Karibu nusu ya wakazi wa Ujerumani hupanga pia. Romania, yenye kipato cha chini kuliko hizo mbili, ina wamiliki zaidi ya tisa katika kila watu kumi, kwa sababu baada ya kuanguka kwa ukomunisti serikali iliwauzia wapangaji nyumba za umma kwa bei nafuu. Umiliki hueleza zaidi historia ya sheria na ardhi ya mahali kuliko jinsi watu wanavyoishi.

Nikirudi kwetu, ningependa turekebishe hesabu yenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 61 ya kaya za Kenya zinamiliki nyumba zinamoishi, lakini mijini karibu kaya nne katika kila tano zinapanga. Kwa hiyo yule mhasibu wa Ugenya hana nyumba mbili. Ana nyumba moja ambayo haishi ndani yake, na ana vyumba viwili ambavyo si vyake. Mtu wa Helsinki akienda kwenye kibanda chake anakuwa ameongeza kitu juu ya makazi ambayo tayari yanamtosha. Mtu wa Migosi anajenga mbali kwa sababu pale anapoishi hapajawahi kumpa nafasi ya kumiliki. Kuziweka hali hizo mbili katika safu moja ya jedwali na kuziita kwa jina moja ni kosa la kitaalamu, na kosa hilo ndilo linaloufanya mjadala wenu usifike popote.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega:

Nimemsoma Mpangaji Miji kwa makini na nakubaliana na mengi, ila nina neno la kuongeza na moja la kupinga.

La kuongeza ni historia. Kuishi mjini kwa kupanga na kujenga mashambani si tabia iliyoshuka kutoka mbinguni. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwaka 1901, mji ulijengwa kwa ajili ya maofisa wa Kizungu na wafanyabiashara wa Kihindi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia. Kodi ambayo serikali ya kikoloni ilitoza kwa kila kibanda cha Mwafrika ilimlazimu atoke kwao kutafuta fedha, kipande, yaani kitambulisho alicholazimika kubeba, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikamfuatilia alikokwenda, na nyumba aliyopewa kazini ilikuwa chumba cha mwanamume asiye na familia, hata kama alikuwa na mke na watoto watano. Mshahara nao ulikadiriwa kwa kipimo hicho hicho, kwamba mke atajilisha kwa jembe. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni kuhusu mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba malipo yale hayakutosha kumweka mtu mjini pamoja na familia yake, na ikapendekeza yaongezwe. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli wakati huo. Mama na sisi watoto tulibaki nyumbani, na tulimwona baba Krismasi.

Uhuru ulikuja, lakini mpangilio ule haukuvunjwa. Hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii ilianzishwa mwaka 1965, na kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi, mwajiri akaongeza 200 nyingine, hadi sheria ya mwaka 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari 2023. Mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka thelathini kwa makato hayo angeishi wapi mjini baada ya kustaafu, na angelipa kodi kwa fedha zipi? Nyumba ya mashambani ndiyo pensheni yake. Sisi walimu tulikuwa na pensheni ya serikali na bado tulijenga, kwa sababu tulijua hundi ya kwanza huchelewa.

La kupinga ni hili. Mpangaji Miji anazungumza kana kwamba nyumba zetu za mashambani ni zao la uhaba peke yake. Ingekuwa hivyo, tajiri wa Nairobi mwenye nyumba yake Karen au Lavington asingejenga Siaya wala Bungoma. Lakini anajenga, na mara nyingi anajenga kubwa kuliko sisi sote. Wazee wenzangu mnakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya mjane wake na ukoo wa Umira Kager kushindana mahakamani kwa miezi kadhaa. Alikuwa mtu wa mjini, msomi na mwenye mali, na bado nchi nzima ilisimama kusikiliza ni udongo gani utampokea. Kwa Wajaluo, na kwetu Waluhya vilevile, mwanamume asiye na boma hana mahali ambapo mazishi yake yataanzia wala mahali ambapo binti yake atachumbiwa. Kijana anajengewa simba yake, yaani nyumba ndogo ya kijana ndani ya boma, akiwa bado anasoma sekondari. Hilo nalo ni sehemu ya ubora wa maisha: kujua ni akina nani watakaoamka usiku ukiwaita, na ni wapi jina lako halihitaji kuelezwa. Ukiliondoa katika hesabu kwa sababu haliingii katika jedwali, utakuwa umepima nusu ya mtu.

Fundi wa Luanda, Vihiga:

Heshima zangu kwako Mwalimu. Mimi ni fundi wa ujenzi na nimejenga nyumba za aina hii kuanzia Luanda hadi Yala, kwa hiyo naomba nieleze zinavyokuwa baada ya mwenyewe kuondoka.

Kila mwaka kuanzia mwisho wa Novemba simu huanza kuingia kutoka Nairobi, Mombasa na Nakuru. Mwenye nyumba anakuja Krismasi na anataka nyumba ikaguliwe. Kufuli la lango limeshika kutu, na mara nyingi hulikata kwa msumeno. Ndani, mchwa wamepanda kupitia ufa wa sakafu na wameila fremu ya mlango kutoka ndani, kiasi kwamba kwa macho inaonekana nzima lakini ukiigusa kidole kinazama. Popo wameingia darini kupitia uwazi ulioachwa kwenye ukingo wa mabati, na mkojo wao umechora ramani kwenye silingi nyeupe ambayo mwenyewe alilipa pesa nyingi kuiweka. Tangi la maji limepasuka kwa jua kwa sababu lilikaa tupu. Jamaa aliyeachiwa ufunguo analala katika jikoni la nje, maana hakuruhusiwa kulala nyumba kubwa. Nyumba ina vyumba vinne vya kulala, vitanda vyote vina magodoro, na magodoro bado yamefunikwa na nailoni ya dukani.

Familia inakaa pale siku chache, watoto wanalalamika kwamba hakuna mtandao, kisha tarehe mbili Januari wanarudi mjini. Nami najua wanakorudi, kwa maana wengine nimewafuata kudai salio langu. Nimemkuta mwenye nyumba ya vyumba vinne akiishi mtaa wa Nyalenda, Kisumu, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia likigawanya kitanda na viti, mtungi wa gesi chini ya meza, madumu ya maji yamepangwa mlangoni, na choo kimoja kinatumiwa na ploti nzima. Sikumcheka hata kidogo. Niliumia, kwa sababu saruji niliyoipanga mimi mwenyewe kule kijijini ilitoka katika chumba kile, shilingi kwa shilingi.

Jambo la mwisho ni ardhi. Kaunti yetu ya Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Kila nyumba ya kufungwa inayosimama juu ya robo ekari imechukua mahali palipokuwa na mahindi na maharagwe.

Mzaliwa wa Nakuru:

Nimesoma maelezo ya Mwalimu na nayaheshimu, shikamoo yake, lakini yote yanachukulia kwamba kila mtu ana kwao. Mimi nilizaliwa Kaptembwo na mama yangu alizaliwa Njoro katika shamba la mlowezi ambako babu alikuwa kibarua. Babu hakuwahi kuwa na hati ya ardhi mahali popote. Shule zilipofungwa, wenzangu walisema wanakwenda ushago, yaani kwao mashambani, nasi tulibaki tukicheza barabarani. Katika hesabu ya nyumba za pili sisi ni sifuri, na tumo wengi sana Nakuru, Molo, Naivasha na Eldoret. Je, hiyo ina maana kwamba maisha yetu ni duni kuliko ya mtu mwenye nyumba ya kufungwa kijijini na chumba kimoja Nyalenda? Sidhani. Mama alichukua fedha ambazo wengine walizipeleka mashambani, akanunua ploti ndogo hapa hapa Nakuru kupitia chama cha wanawake, na tunaishi katika kitu tulichokijenga.

Hata hivyo kuna upande ambao unaniuma na ni lazima niuseme. Mwaka 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha nchini, majirani zetu wenye asili ya magharibi mwa Kenya walipanda mabasi na malori wakaenda Kisumu, Busia na Kakamega, na wengine waliotoka kule walipishana nao njiani wakija huku. Wenye nyumba ya pili walikuwa na mahali pa kukimbilia. Tusiokuwa nayo tulilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, chini ya turubai. Tangu wakati huo nimeona watu wakijenga kwao kwa haraka zaidi, na kila uchaguzi unapokaribia utaona familia zikisafirisha watoto na vyombo. Hizo ni nyumba zilizojengwa kwa hofu. Nchi ambayo raia wake wanaweka bima ya tofali na mabati dhidi ya majirani zao haiwezi kutumia wingi wa tofali hizo kujisifu.

Na kwa kuwa mmetaja nyumba za mapumziko, hizo nazo tunazo katika kaunti yetu. Kandokando ya Ziwa Naivasha kuna nyumba nzuri za wikendi za watu wa Nairobi, na katika barabara hiyo hiyo kuna Karagita, wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua. Maji ya ziwa yalipopanda kuanzia mwaka 2020 yaliingia katika vyumba vya kupanga vya mtaa wa Kihoto na watu wakahama wakibeba magodoro kichwani. Mtu akihesabu nyumba za pili za Naivasha atapata nambari ya kuvutia, na nambari hiyo haitamwambia lolote kuhusu Karagita wala Kihoto.

Mkazi wa Migosi, Kisumu:

Nawashukuru sana, hasa Fundi na dada yetu wa Nakuru, kwa maana mmeleta mambo ambayo hayakutajwa kabisa katika kikao chetu. Naona sasa kwamba nyumba ya pili inaweza kutokana na likizo, urithi, njaa, kutafuta pensheni, mila au hofu, na kwamba nambari moja haiwezi kuzitenganisha sababu hizo.

Nina swali la nyongeza kwa Mpangaji Miji. Ikiwa tutaachana na kuhesabu nyumba, ni kitu gani kinachoweza kupimwa hapa kwetu badala yake? Pili, je, hao wenye nyumba nyingi za pili, kama Waingereza na Waswisi, hawaoni madhara yoyote?

Mpangaji Miji, Kisumu:

Nianze na la pili. Wanayaona, na wametunga sheria juu yake. Mwezi Machi 2012 wapiga kura wa Uswisi waliamua kwamba katika kila manispaa nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote, kwa sababu vijiji vya milimani vilikuwa vimejaa nyumba za kufungwa huku vijana wa pale wakikosa pa kuishi. Katika mji wa St Ives, Uingereza, zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura Mei 2016 walitaka nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya wakazi wa kudumu pekee. Wales imeziruhusu halmashauri zake, tangu Aprili 2023, kutoza nyongeza ya hadi asilimia 300 ya kodi ya halmashauri kwa nyumba za pili. Maana yake ni kwamba nyumba ya pili inaweza kuyaboresha maisha ya mwenyewe na wakati huo huo kumnyima jirani makazi. Kwa nchi nzima, faida ya mmoja ni lazima itolewe hasara ya mwingine kabla ya kuitwa ustawi.

Kuhusu kipimo, Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na haisemi lolote kuhusu makazi mawili. Ningeanzia hapo. Ningeuliza kaya ya mtaa wa Manyatta au Obunga hapa Kisumu inatumia sehemu gani ya kipato chake kulipia kodi, inatembea umbali gani kupata maji, na watu wangapi wanalala katika chumba kimoja. Kisha, kwa wale wenye nyumba mashambani, ningeuliza nyumba hiyo ililaliwa usiku mangapi katika mwaka uliopita. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku mmoja, ule wa tarehe 24 Agosti mwaka 2019, na maswali yake ya makazi yanahusu nyumba ambamo kaya inaishi. Nyumba iliyofungwa haina wa kuijibia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo kwa mwaka. Kama nyumba ya Emuhaya inalaliwa siku tano tu, tunayo sababu ya kuuliza nauli ya Desemba imekuwa kiasi gani, na ni waajiri wangapi wanaoitoa likizo hiyo kikamilifu. Kibarua wa jua kali, asiye na ajira rasmi, haijui likizo hiyo kabisa.

Nakubali pia pingamizi la Mwalimu. Kuwa na mahali pa kuzikwa na watu wa kukuzika ni kitu cha thamani, na mtaalamu asiyekithamini hatawaelewa watu anaowapangia mji. Ninachokataa ni mtu kulazimika kuchagua kati ya heshima ya kaburi lake na afya ya watoto wake walio hai.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega:

Hapo mwanangu tumekutana, na kwa dada wa Nakuru nasema marahaba. Maneno yako juu ya mwaka 2008 yana uzito ambao sisi wenye maboma hatupendi kuubeba.

Nitaongeza swali moja katika orodha ya Mpangaji Miji, kwa maana linatuhusu sisi tuliokwisha kurudi. Uliza nyumba hiyo iko umbali gani kutoka kwa daktari. Wenzangu kadhaa niliostaafu nao walirudi mashambani kwa furaha, wakamaliza kupaka rangi na kuweka uzio, kisha figo au kisukari kikawapata. Wawili kati yao wanahitaji kusafishwa damu mara mbili kwa juma, na huduma hiyo haipatikani kijijini. Mmoja amepanga chumba Kisumu, karibu na hospitali, na mkewe anapika kwenye korido. Nyumba yake ya mawe, ambayo kijiji kizima huitazama kama mfano, imefungwa, na ufunguo anao kijana wa jirani. Ukimhesabu yeye utaandika kwamba ana nyumba ya pili.